Wimbi Lisilosikika na Chupa ya Jadotville

Sauti hii inayowafikia hapa Likasi haikusafiri peke yake. Imebebwa na wimbi la redio linalotetemeka karibu mara milioni 100 kila sekunde, na kazi yote ya maneno yangu ni kuliyumbisha wimbi hilo, kulikaza kidogo na kulilegeza kidogo kwa kufuata mitetemo ya koo. Redio yako haikupi wimbi lenyewe. Inakupa mayumbo yake tu, na mayumbo hayo ndiyo unayoyasikia kama mtu anaongea. Nimeanzia hapo kwa kuwa mazungumzo ya leo yanahusu jambo lilelile likifanyika ndani ya sintetizeri, kile kinanda cha umeme ambacho siku hizi hakikosekani kwenye orkestra wala kwenye kwaya. Ndani yake mna wimbi la polepole mno hata sikio halilitambui kama noti, na limewekwa liyumbishe wimbi jingine lenye kusikika. Mafundi huliita osileta ya masafa ya chini, na kwenye vinanda limeandikwa kwa herufi tatu, LFO. Hoja yangu ni kwamba wimbi hili ni chombo cha mdundo, ndugu wa ngoma na wa chupa inayogongwa, na kwamba wapiga vinanda wengi wanalipoteza kwa kulifanya pambo la kumalizia sauti.

Tuone kwanza linavyofanya kazi. Simama karibu na kabini ya umeme ya mtaa wako, siku ambayo umeme upo. Mngurumo unaousikia ni wa mitetemo 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu unageuka mara 50 kila sekunde, na chuma cha transfoma kinavutwa mara mbili katika kila mgeuko. Sasa chukua mngurumo huo uupunguze kasi kidogokidogo. Ukifika 50 bado una noti, nzito ya gitaa la besi. Ukikaribia 20, noti inaanza kuchanika, na sikio linapata kitu cha kukwaruza ambacho halijui kikiite nini. Ukiteremka zaidi, noti imekwisha kabisa na yamebaki mapigo. Ukifika 2 kwa sekunde, watu wanaweza kuyacheza kwa miguu. Hakuna mahali ulipovuka mpaka. Ulikuwa na kitu kimoja tangu mwanzo, nacho kikatoka kwenye uimbaji na kuingia kwenye ngoma bila kubadili asili yake.

Hili si wazo la kubuni mezani. Mtunzi Karlheinz Stockhausen alilifanya lisikike katika Kontakte, kazi aliyoitengeneza mjini Cologne kati ya 1958 na 1960: mahali fulani katikati yake sauti moja ya umeme inateremka, inateremka, mpaka inakuwa mapigo ya kuhesabika. Miaka kumi baadaye, kinanda cha Minimoog kilichotoka 1970 hakikuwa hata na osileta ya polepole ya pekee. Kilikuwa na osileta 3, yaani vyanzo vya mawimbi, na ile ya tatu ilipewa swichi: upande huu inaimba pamoja na wenzake, upande ule inashuka chini ya usikivu na kuanza kuwayumbisha. Kifaa kimoja, kazi mbili, na kati yake swichi. Safari ya kupanda ilifanywa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Alikuwa akijaribu vibrato, yaani kuyumbisha kimo cha noti kama mwimbaji afanyavyo, akazidi kuongeza kasi na kina, mpaka mtikisiko wenyewe ukatoweka na mahali pake ikazuka rangi mpya ya sauti. Yamaha ilinunua haki ya kutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 ikatoa DX7, kinanda kilichosikika karibu kila kona ya muziki wa miaka ile. Sauti zake za kengele na za piano ya umeme zilitokana na vibrato iliyoharakishwa kupita kiasi. Basi kama juu ya njia hii kuna rangi za sauti na chini yake kuna ngoma, swali la kwanza la kuuliza kuhusu wimbi linalokwenda kwa 1, 3 au 6 kwa sekunde ni lile tunalomuuliza mpiga ngoma: unaingia wapi, na uko pamoja na wenzako?

Kwenye vinanda vingi swali hilo halijaulizwa. Kiwanda kimekwisha kuamua. Pembeni kuna gurudumu. Ukilisukuma juu, kimo cha noti kinaanza kutikisika kwa kasi inayokaribia 6 kwa sekunde. Kasi hiyo haikuokotwa njiani. Katika miaka ya 1930 mtafiti Carl Seashore wa Iowa alizipima sauti za waimbaji wa opera, akaona kwamba mtikisiko wao hukaa kati ya 6 na 7 kwa sekunde, na kina chake ni kama nusu toni. Wahandisi wakamweka mwimbaji huyo ndani ya gurudumu, nasi tunamsukuma juu na chini kwa miaka yote hii kana kwamba ndiye pekee anayeishi humo. Lakini ukifungua kurasa za ndani za sintetizeri ya kweli utakuta wimbi lina maswali manne: linayumbisha nini, kwa kasi gani, kwa kina gani, na kwa umbo gani. Linaweza kuyumbisha kimo, lakini pia ukubwa wa sauti, au chujio linaloamua sauti iwe butu au kali, au upande wa kushoto na wa kulia. Umbo linaweza kuwa la mviringo, la pembetatu, la mraba linaloruka juu na chini bila kupita katikati, au la jino la msumeno linaloshambulia ghafla kisha kufifia. Gurudumu la kiwandani limejibu maswali yote manne kwa jibu moja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maabara za Ujerumani na Marekani, na sisi watu wa Katanga tumeingizwa tu. Hapo nakataa. Likembe, ambayo wengine huiita kisanji, ni sanduku dogo la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Katika likembe ya aina ile iliyotoka Kongo ya chini na kusambaa pamoja na wapagazi na vibarua wa enzi ya ukoloni, hata ikafika Uganda, kuna tundu nyuma ya sanduku, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinakaa juu ya tundu hilo. Gumba linapiga chuma, na kidole kile kinafungua na kufunga. Hewa ya sandukuni inaitika, inanyamaza, inaitika, na noti moja iliyopigwa mara moja inatoka ikiwa inapumua. Ukitaka kueleza LFO inayoyumbisha chujio kwa mtu asiyewahi kuona sintetizeri, huna haja ya mchoro, mpe likembe. Wamarekani walifika kwenye jambo lilelile katika miaka ya 1920 walipounda vibrafoni: chini ya kila ubao wa chuma kuna bomba, na ndani ya bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota, kinafungua na kufunga mdomo wa bomba. Tofauti kati ya hivi viwili ndiyo inayonishughulisha. Mota ya vibrafoni inazunguka kwa kasi yake na wimbo unakwenda kwa kasi yake. Kidole cha mpiga likembe kimo katika mkono uleule ambao gumba lake linapiga vyuma. Anayeyumbisha na anayepiga ni mtu mmoja, kwa hiyo mayumbo yanajua wimbo umefika wapi.

Akodioni inatufundisha kwa njia nyingine. Kwa kila noti, akodioni nyingi zina vyuma viwili ambavyo fundi amevilinganisha kwa makusudi visikubaliane kabisa. Kimoja kikitetemeka mara 440 kwa sekunde na cha pili mara 443, utasikia sauti ikijaa na kupungua mara 3 kila sekunde, kwa maana mayumbo hayo ni tofauti ya namba hizo mbili. Hiyo ndiyo sauti yenye kumeremeta ya Camille Feruzi, bingwa wa akodioni wa Kongo ya kabla ya uhuru, na ndiyo unayoisikia katika taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar. Mwaka 1985 Mwethiopia Hailu Mergia aliiweka akodioni hiyo katika albamu moja na sintetizeri ya Moog na DX7, na sikio halioni ugeni wowote kati yao, kwa sababu vyote vinameremeta kwa sheria ileile. Hata hivyo akodioni haiwezi kuingia kwenye hoja yangu zaidi ya hapo. Kasi ya mayumbo yake iliwekwa na fundi kwa tupa, inabadilika kutoka noti hadi noti, na mpigaji hana la kufanya. Ni pambo tamu, nalipenda, lakini ni pambo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwani hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Wimbo unaokwenda kwa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde. Muziki wetu mwingi haukai kwenye pigo zima. Unaligawa kwa tatu, na vidole vya mpiga gitaa vinatembea juu ya vigawanyo hivyo. Mapigo 2 mara vigawanyo 3 ni 6 kwa sekunde. Namba 6! Ileile ya Seashore, ileile iliyowekwa kwenye gurudumu. Wimbo ukienda kwa 100 kwa dakika, vigawanyo vinakuwa 5 kwa sekunde. Ukienda kwa 132, vinakuwa 6.6. Maana yake ni kwamba mtikisiko wa kawaida wa kinanda na hatua ndogo kabisa za gitaa vinaishi nyumba moja. Haviwezi kukwepana. Ama vinakubaliana, ama vinagombana. Tuseme kinanda kimeachwa kwenye 6.3 kwa sababu ndivyo kilivyotoka kiwandani, na gitaa linakwenda kwenye 6. Katika kila sekunde wimbi linatangulia kwa sehemu 3 za kumi za mzunguko, na baada ya sekunde 3 na kitu linarudi kukutana na gitaa, kisha linaliacha tena. Msikilizaji hatakwambia hivyo. Atakwambia tu kwamba kinanda kinachafua, au kwamba akompanyema, lile gitaa la kuandamana, haiko pamoja na wengine, na huenda lawama ikamwangukia mpiga gitaa asiye na kosa.

Mji huu wa Likasi una haki ya pekee kulisema jambo hili. Mwaka 1952, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga wimbo wa Masanga kwa kidole gumba na cha shahada. Upigaji ule wa vidole viwili ulisomwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti David Rycroft aliuchambua kwa noti katika jarida la African Music. Katika rekodi za wapiga gitaa wa Katanga wa kizazi hicho, akina Edouard Masengo na Losta Abelo, mara nyingi kuna kitu cha pili ambacho wachambuzi hukipita haraka: chupa. Mtu anagonga chupa ya kioo. Haifuati sentensi za gitaa, haisimami gitaa linapovuta pumzi, haiongezi noti hata moja. Inashikilia vigawanyo, na gitaa linapata mahali pa kuegemea au pa kuasi. Ukisikiliza wimbo wenye chupa utaisahau baada ya muda mfupi, na utaikumbuka pale itakaponyamaza. Kazi hiyo ndiyo ninayoidai kwa wimbi la polepole.

Jaribio lake ni hili, na linafanyika kwenye sintetizeri yoyote inayoruhusu kufungua kurasa zake. Chagua sauti ndefu isiyo na mshindo mwanzoni, kama nyuzi au ogani, ushike kodi moja, yaani noti tatu kwa pamoja. Hivi ilivyo ni blanketi. Inafunika kila kitu na haisemi kitu. Elekeza wimbi kwenye ukubwa wa sauti, chagua umbo la jino la msumeno linaloshuka, weka kasi 6 kwa wimbo wa 120, na kina chote. Kodi ileile uliyoishika bila kuinua kidole inaanza kudonoa, mara tatu katika kila pigo, kila donoo na ukali mwanzoni na kufifia baadaye. Vidole vyako havijasogea. Sasa punguza kina hadi theluthi, na badala ya ukubwa wa sauti lielekeze wimbi kwenye chujio. Udonoaji unazama ndani ya sauti. Kodi haikatiki tena, ila inang'aa na kufifia mahali palepale mpiga mi-solo, yaani gitaa la kati, anapogusa nyuzi. Halafu badilisha namba moja tu: toa 6, weka 4. Wimbi sasa linagawa pigo kwa mbili huku gitaa likiligawa kwa tatu. Vinakutana kwenye kila pigo, vinaachana katikati, vinakutana tena. Mvutano huo wa tatu dhidi ya mbili ndio uti wa mgongo wa ngoma za upande huu wote wa Afrika, na umeupata kutoka kwenye blanketi. Kati ya mipangilio yote niliyoitaja, huu wa 4 dhidi ya 6 ndio ningeutetea mbele ya yeyote.

Pingamizi la kwanza ni zito. Watu husema mashine ni mashine. Mtikisiko wake haupumui, haukui, haufi, ndiyo maana unachosha. Ni kweli kwa kimo cha noti. Mwimbaji hutikisa sauti akichelewa kidogo, anaizidisha akielekea mwisho wa neno, na hakuna mizunguko miwili inayolingana. Kimo kinapotikisika, sikio linatafuta mtu, na likimkosa linachoka. Kwa hiyo nakubali nusu ya pingamizi na kuligeuza kuwa kanuni: kimo mwachie mkono, yaani gurudumu lisukumwe na mtu anayesikiliza, tena kwa uchache; ukubwa wa sauti na chujio viachie saa. Hakuna anayelalamika kwamba chupa haipumui. Usawa unaokera kwenye koo ndio unaotakiwa kwenye mdundo. Kwaya wanalijua hili kwa upande wao, kwani kinanda kinachotikisa kimo chini ya sauti nne za watu kinawanyang'anya mahali pa kushikia noti, na waimba soprano wanaanza kupanda bila kujua wanamkimbia nani. Ogani za mabomba za Ulaya zina kifaa cha kutikisa upepo tangu karne nyingi, na waliozizoea kwa kawaida hukifunga wakati kanisa zima linaimba.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye orkestra. Watasema: sisi tuna mpiga drams wa nyama na damu, anaanza kwa 120 na seben, ile sehemu ya kucheza, ikiwaka yuko 122, tena tunataka hivyo. Sintetizeri inaweza kufuata saa ya mashine nyingine, kwani mpango wa MIDI wa 1983 unatuma alama 24 katika kila pigo, lakini dramu ya ngozi haitumi alama yoyote. Tupige hesabu. Kwa 122, vigawanyo vya tatu ni 6.1 kwa sekunde, na kinanda kimebaki 6. Tofauti ni sehemu 1 ya kumi, hivyo baada ya sekunde 5 wimbi limekwenda kombo kwa nusu mzunguko: linazima pale linapotakiwa kuwaka. Sekunde 5 ni ndogo sana, na pingamizi hili haliondoki kwa maneno. Lina njia za kulipunguza. Vinanda kadhaa vina kitufe cha kugongwa kwa kidole kufuata mwendo. Mpigaji akikigonga mara nne kila seben inapobadilika, amekwisha kujirudisha. Asiye na kitufe aliweke wimbi kwenye mizunguko mirefu, mmoja kwa mapigo 8, ambapo kuchelewa kidogo hakumuumizi mtu. Sauti inafunguka na kufungika kama sehemu ya wimbo na haidai kuwa hatua ya miguu. Na wanaotumia midundo iliyomo ndani ya kinanda, kama kwaya nyingi zisizo na drams, hawana tatizo hili hata kidogo. Saa iko ndani, wimbi liko ndani, kilichobaki ni kuvifunga pamoja.

La tatu husemwa na mafundi wa sauti: huko mtaani watu wanasikiliza kwa simu na kwa bafle zilizochoka, nani atasikia wimbi la mara 4 kwa sekunde wakati spika haitoi hata besi? Hapa kuna kutoelewa. Spika haihitaji kutoa wimbi la polepole; inahitaji kutoa sauti inayoyumbishwa. Spika ndogo ya simu inayokata kila kitu chini ya mitetemo 300 itaukosa mguu wa dramu na sehemu kubwa ya besi, lakini kodi ya kinanda iliyo katikati itapita nzima, pamoja na mayumbo yake yote. Kwa hiyo kwenye simu, wimbi linaweza kuwa ndilo lililobeba mdundo uliopotea. Hiyo ni sababu ya kulitunza zaidi.

Na wapo wa mwisho, wanaosema gitaa ndilo letu na sintetizeri ni ya wageni, tena ya bei. Gitaa nalo lilishuka kwenye meli. Tena ukitaka kuhesabu nani amechangia nini, sumaku za alniko zilizokuwa ndani ya spika na vinasa sauti vya gitaa vya katikati ya karne iliyopita zilitengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti, na Katanga ndiyo iliyokuwa chimbuko kubwa la kobalti duniani. Vita vilipofika Kolwezi mwaka 1978 bei ikaruka, na watengenezaji wa spika, ambao walikuwa wamekwisha anza kuihama alniko, wakaharakisha kwenda kwenye sumaku za ferraiti. Sauti ya muziki wa dunia ilitegemea ardhi hii kabla ya sisi kuulizwa maoni. Kuhusu bei, mtu mwenye kompyuta anaweza kupata programu ya Surge, ambayo iko huru kwa wote tangu 2018, au Vital katika toleo lake la bure, na zote mbili zina mawimbi ya polepole mengi kuliko vinanda vingi vya kwaya. Likembe haihitaji kulindwa dhidi ya sintetizeri hizi. Ukiifunga likembe kinasa sauti cha sumaku, kama walivyofanya Konono No. 1 kule Kinshasa, chombo kinashika mtikisiko wa vyuma, na hewa ya sandukuni inapungukiwa na la kusema. Kazi ya kile kidole cha kati inaweza kurudishwa na wimbi lililoelekezwa kwenye chujio, kama kuna atakayetaka.

Limebaki jambo ambalo hata wanaokubaliana nami huliacha: wimbi linaanzia wapi. Vinanda vingi vinatoa chaguo, na DX7 ilikuwa nalo tangu 1983, la kufanya wimbi lianze upya kila unapogusa kibao, au liendelee na mwendo wake bila kukujali. Wengi huchagua la kwanza kwa kuwa linatii mkono. Mimi ningechagua la pili kwa sauti za kuandamana, kwa sharti kwamba kasi imefungwa kwenye mwendo wa wimbo, kwani chupa haianzi upya kila gitaa linapobadili kodi. Ukikigusa kibao umechelewa nusu kigawanyo, wimbi lililojianzisha upya litachelewa nawe kodi nzima, na lile lililoendelea litakusahihisha. Kwa wimbi la mzunguko mmoja katika kila pigo, kilele kisiangukie juu ya mguu wa dramu, ambapo besi tayari imejaa na hakuna nafasi. Kikae kwenye kigawanyo cha tatu, kile kinachotangulia pigo. Kwenye programu za kompyuta utakisogeza kwa kubadili fazi, yaani mahali wimbi linapoanzia katika mzunguko wake. Kwenye kinanda kisichoruhusu kubadili fazi, chagua ile njia ya kwanza, wimbi la jino la msumeno linaloshuka lianze na kibao, kisha bonyeza kodi kigawanyo kimoja kabla ya pigo na uishike.